Umepewa kazi ya kuandika historia ya usharika wa mjini? Soma hapa kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Moshi alinipigia simu. Usharika wao wa Kilutheri unakaribia jubilei, baraza la wazee limemteua kuwa katibu wa kamati ya historia, na amepewa miezi 4 tu. "Shikamoo mzee, nianzie wapi?" Nilimwelekeza kadiri nilivyoweza, lakini usiku nikawa nakumbuka mengi niliyoyasahau. Nayaandika hapa kwa ajili yake na kwa yeyote aliyetwishwa mzigo kama huo. Kazi hiyo niliifanya hapa Arusha, na mara ya kwanza niliikosea vibaya.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa 22. Niliitoa kwenye mihtasari ya vikao: mchungaji fulani kahamia, jiwe la msingi limewekwa, bati limeezekwa, kengele imenunuliwa, mchungaji kahamishwa. Nikaisoma mbele ya baraza na wazee waalikwa. Watu wakapiga makofi. Kisha bibi mmoja wa Kinyiramba, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwanangu, umesoma vizuri. Sasa sisi tulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaipekua ile rasimu upya. Mwanamke aliyetajwa kwa jina humo hakuwepo, ukiondoa wake wa wachungaji. Majina ya koo yalikuwa yaleyale yanayojirudia: Mushi, Swai, Massawe, hapa na pale Mollel na Kaaya. Ungeisoma ungedhani usharika wetu ulijengwa na Wachagga, wakakaribishwa na Waarusha na Wameru, basi. Na Jumapili yoyote ukikaa benchi la nyuma utawaona Wapare, Wanyaturu, Wairaqw, Wanyiramba, Wahehe, Wanyakyusa. Hawakuanguka jana kutoka mbinguni.

Nikamfuata yule bibi nyumbani kwake, mtaa wa Unga Limited hapa Arusha. Baada ya chai aliingia chumbani akarudi na daftari la shule lililopoteza jalada, limefungwa kwa utepe wa kanga. Lilikuwa daftari la wanawake wa mtaa wetu wa zamani, wakati kanisa linajengwa. Kila ukurasa una majina upande wa kushoto, na upande wa kulia vijiti vya penseli: kijiti kimoja kwa kila debe la mchanga lililobebwa kichwani kutoka mtoni. Vijiti vinne, cha tano kinavikata. Nilihesabu ukurasa mmoja tu nikapata madebe 63. Kuna jina moja halina vijiti wiki mbili, na pembeni imeandikwa "amejifungua". Wiki ya tatu vijiti vinaanza tena.

Hayo yote hayamo kwenye mihtasari ya vikao. Humo imeandikwa mstari mmoja: "Mchanga umepatikana."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: mihtasari isome, lakini usianze nayo. Anza na watu wenye umri mkubwa kuliko jengo, nao uwafuate kwao. Ukiwaita ofisini watakwambia wanachodhani mchungaji anataka kusikia. Wakiwa kwao, wameshika vikombe vyao, watakueleza. Nenda na mtu anayejua lugha yao ya nyumbani hata kama Kiswahili chao ni kizuri. Yule bibi alinieleza ujenzi kwa Kiswahili, lakini habari za mtoto wake aliyefariki mwaka ule alizisema kwa Kinyiramba kwa binti aliyefuatana nami, na humo ndimo nilimoelewa kwa nini wanawake wale walianza kukutana kila Alhamisi.

Pia nilikuwa nimeandika kwamba watu wa Singida "walihamia mjini na kupokelewa katika kanisa." Bibi alinisahihisha kwa kunionyesha cheti chake cha ubatizo. Alikuja Arusha mwaka 1961 akiwa Mlutheri tayari! Wamisionari wa kanisa la Kilutheri la Augustana kutoka Marekani walifanya kazi Iramba, huko kwao Singida, tangu miaka ya 1920, nao ndio haohao waliokuja kushika kazi huku kaskazini baada ya Wajerumani kuondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo mama huyu hakupewa kanisa na mtu. Alikuja nalo kwenye sanduku lake. Na mwaka 1963, makanisa 7 yalipoungana kuwa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, cheti chake cha Iramba na kitabu chetu cha Arusha vikawa vya kanisa moja. Sentensi yangu ilikuwa fupi, na ilikuwa imemnyang'anya heshima yake.

Jihadhari pia na mwanzo wa hadithi. Sisi wa huku tunapenda kuanza na Akeri, huko Meru, Oktoba 1896, walipouawa wamisionari wa shirika la Leipzig la Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Ni sawa kuanza hapo. Lakini usiku ule waliuawa pia Wachagga waliokuwa wamefuatana nao kutoka upande wa Kilimanjaro, na katika vitabu vingi vya jubilei hao wanapita kama mizigo ya safari. Tena usiishie kwenye mauaji. Andika yaliyofuata: majeshi ya Wajerumani kuja kuadhibu, nyumba kuchomwa, ng'ombe kuchukuliwa, Waarusha na Wameru kulazimishwa kujenga Boma la Arusha ambalo leo ni makumbusho, na tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, kunyongwa hukohuko pamoja na viongozi wengine. Wamisionari walipofungua kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, waliingia katika nchi yenye msiba. Mzee mmoja wa Kimeru aliniomba jambo moja tu: nisiandike kwamba "Injili ilipokelewa kwa furaha." Alisema babu yake aliipokea, akaishika mpaka kufa, lakini furaha ilichelewa. Niliifuta ile sentensi. Nawe kama unayo, ifute.

Sasa lugha. Kama ningepewa kurasa 10 tu za kuandika, 5 ningezipa lugha. Huko mlimani Kilimanjaro kanisa lilikua ndani ya lugha ya ukoo. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Old Moshi miaka mingi, aliamini kwamba usharika unajengwa juu ya ukoo, ujirani na rika, na Agano Jipya alilolitafsiri kwa Kimochi, Kichagga cha Old Moshi, lilitoka mwaka 1939. Kwa kijiji ambacho kila mtu ni jamaa wa mwenzake hilo linaeleweka. Mjini utaanzia ukoo upi? Reli ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na mashamba ya kahawa na mkonge yalivuta vibarua kutoka Upare, Kondoa, Singida. Watu hawa walikutana kwenye msingi mmoja wa kanisa bila shangazi hata mmoja wa pamoja. Kiswahili hakikuletwa kwa azimio la kikao. Kililetwa na njaa ya kusikilizana.

Waulize wazee wako wote swali hili, kila mmoja kwa wakati wake: ulipokuwa mtoto uliomba kwa lugha gani, na siku ya kwanza kuingia kanisa hili ulisikia lugha gani? Mzee mmoja wa Kiarusha alinieleza kwamba hapo mwanzo mwinjilisti alihubiri kwa Kiswahili na mzee wa kanisa akatafsiri kwa Kimaasai, sentensi kwa sentensi, na watoto walilala wote kabla ya sadaka. Jumapili moja mfasiri aliugua. Mahubiri yakaendelea bila yeye, na watu wakatoka nje wakitazamana, maana walikuwa wameelewa. Tafsiri haikurudi tena.

Niliipenda sana habari hiyo, nikaiandika kama ushindi. Baadaye mke wake aliniambia mama mkwe wake hakuelewa neno lolote kuanzia Jumapili ile. Aliendelea kuja miaka 9, akakaa mahali pake palepale, akaimba nyimbo alizozishika kwa masikio tu. Weka zote mbili. Kanisa la makabila mengi lina watu waliolipia umoja wake, na mara nyingi ni wanawake wazee.

Kuhusu vitabu vya ofisini: omba ruhusa ya mchungaji kwa barua, vipige picha hapohapo kwa simu, usivitoe nje. Watu hukimbilia kitabu cha ubatizo. Mimi nakwambia anza na cha ndoa. Humo utaona mwaka ambao binti wa Kichagga aliolewa na kijana wa Kinyaturu kwa mara ya kwanza, ukaona pia wazazi wa upande gani hawakutia sahihi. Kwetu pengo hilo linaonekana mara 4, kisha linakoma. Lakini utakutana na mambo ya siri: mtoto ambaye nafasi ya baba imeachwa tupu, mtu aliyetengwa na sababu yake. Hayo si yako kuyachapa hata kama wahusika wamelala makaburini. Wajukuu wao wako kwenye kwaya.

Picha za zamani usidhani zimepotea. Nyaraka za Leipzig zimehifadhiwa Halle, Ujerumani, na picha zake nyingi zimewekwa kwenye intaneti katika hazina ya picha za wamisionari ya Chuo Kikuu cha Southern California, unazitazama bure. Nilitafuta siku nzima bila kupata kitu mpaka nilipojua kutumia tahajia ya Kijerumani: Moschi, Dschagga, Madschame, Aruscha. Ukipata picha, ipeleke kwa wazee kabla ya kuamini maelezo yaliyoandikwa chini yake. Mara nyingi mmisionari ana jina na wengine wote ni "Wakristo".

Mtagombana kuhusu magomvi. Kwetu kulikuwa na mwaka ambao familia 11 ziliondoka kwa sababu ya zamu za lugha na uongozi wa kwaya, na wajumbe wawili wa kamati walitaka tupite kimya. Nilikataa. Tuliandika kwamba waliondoka, tukaandika sababu kama walivyoisema wao na kama walivyoisema waliobaki, bila majina ya walio hai. Kabla ya kuchapa nilizipelekea familia 3 nilizoweza kuzipata ukurasa ule wausome. Moja ilibadilisha neno moja. Moja ililia. Ya tatu ilituma bahasha ya kusaidia uchapaji.

Miezi 4 haitoshi, omba 10. Jambo la mwisho ni la uchapaji: mwambie mchapaji aache kurasa tupu mwishoni, zenye mistari. Sisi tuliacha 8, na nakala moja tukaiweka kwenye meza ya mlangoni na kalamu imefungwa kwa uzi. Wiki ya kwanza hakuna aliyegusa. Wiki ya pili mtu aliandika kwa mkono unaotetemeka, "Baba yangu ndiye aliyetengeneza madirisha ya upande wa jua. Alitoka Same. Hakulipwa, hakudai." Jumapili iliyofuata kurasa 3 zilikuwa zimejaa.