Land Rover ya mzee, 1978: usiogope tozo ya moshi, ogopa kadi

Kaka wa Iringa, nimekuelewa: mdogo wako London anataka umsafirishie Land Rover ya marehemu mzee aingie nayo kwenye misafara ya magari ya zamani, nawe unahofia ile tozo ya moshi, ULEZ.

Ni pauni 12.50 kwa siku, na tangu Agosti 2023 imeenea London nzima. Lakini gari lililotimiza miaka 40 tangu litengenezwe na kusajiliwa kule kama la kihistoria halilipi, mradi lisifanye biashara. La mzee kwa umri limepita. Ila tozo ya msongamano katikati ya jiji iko palepale.

Kazi iko kwenye kadi ya gari. Yangu hapa Mbeya iliandikwa mwaka wa kusajiliwa badala ya kutengenezwa. Nilizungushwa miezi mitatu. Chukua msasa laini, usugue kutu taratibu mpaka namba ya chesisi isomeke, ulinganishe na kadi. Ikipishana tarakimu moja, usipakie. Ushuru muulize wakala wa forodha mwenye leseni, si dalali.

Na asiliingize mjini kabla ya usajili. Kamera hazijui mzee ni nani. Faini ya kutolipa tozo ni pauni 180.