Baba anataka kuuza nyumba amrudishe mama: jibu langu kwa dada wa Chanika

Dada, nimekusoma. Mama yenu alifariki mwaka jana, baba yupo Chanika, mganga kamwambia mkewe hakufa bali ni msukule, yaani kachukuliwa na mchawi, na anaweza kurudishwa. Bajaji imeshauzwa, sasa madalali wanapita kuangalia nyumba. Umeuliza kama mumshtaki mganga, kama nyumba inaokoleka, na kama mzee amechanganyikiwa maana anasema usiku anamsikia mama akikohoa. Ila katikati umepitisha sentensi moja kwamba safari ijayo, usiku wa giza, mganga anataka aje na mdogo wenu wa mwisho. Hilo hukuliuliza, na mimi naanza nalo.

Mtoto aondoke hapo nyumbani leo. Usimtaje mganga, sema anakwenda kwa shangazi mara moja, mzee akikasirika akasirike. Simjui huyo mganga na simwiti muuaji. Lakini Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na wengi tuliokuwepo tunakumbuka magazeti ya wakati ule. Mganga akishataja mtoto, mjadala wa imani umekwisha. Mkishindwa kumtoa kwa upole piga 116, ni simu ya huduma kwa watoto na haikatwi hela, au nenda kituo chochote cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Msisubiri mpaka jambo litokee ndipo mwende.

Sasa hayo mengine. Nayajua kwa sababu baba yangu mzazi alipita njia hiyohiyo.

Mzee alikuwa na mashine ya kusaga Mbagala Rangi Tatu. Mama aliondoka ghafla kwa presha, baba akiwa Songea kununua mahindi. Sisi ni Waislamu, maiti hailazwi bila sababu, tukamzika alasiri ileile. Baba aliingia kesho yake na vumbi la safari kwenye viatu, akapelekwa moja kwa moja makaburini kuonyeshwa tuta. Uso wa mkewe hakuuona. Swali la kwanza aliloulizwa na mganga, miezi kadhaa baadaye, lilikuwa hilohilo: "Maiti uliiona kwa macho yako?" Na usidhani aliyeiona angepona. Yeye huambiwa mlichozika ni mgomba, mkafumbwa macho. Pale hakuna jibu la kumtoa mtu.

Habari za msukule sote tumezisikia tangu utotoni: anakatwa ulimi, analishwa pumba, usiku analimishwa shamba la aliyemchukua. Sasa mwambie hayo mtu mwenye mashine ya kusaga, ambaye magunia ya pumba yamemjaa hadi mlangoni. Mganga alimwambia mkeo huja bandani kwako usiku kutafuta chakula. Kuanzia hapo baba, mzee ambaye sikuwahi kumwona ameshika mwiko, akawa anakuna nazi mwenyewe, anapika wali, anaupakua kwenye sahani ya maua aliyoipenda mama, anafunika kwa kawa na kuupeleka bandani. Anaiweka sahani juu ya mizani, anafunga mlango kwa kamba badala ya kufuli, anarudi kulala. Lengo lake mama asile pumba. Asubuhi anakuta kawa iko chini na sahani imelambwa. Paka wa Rangi Tatu unawajua, lakini nani kati yetu angemwambia hivyo? Dada yangu mkubwa alijaribu, akaambiwa hana haya.

Vitu vilianza vidogo. Ubani, kaniki, nywele za mama zilizobaki kwenye kitana, udongo wa kaburini. Halafu mbuzi mweusi asiye na doa. Halafu mbuzi akaonekana hatoshi kwa sababu "waliomshika ni wengi". Ukaondoka mtambo wa kukoboa, ukafuata mota wa mashine, likabaki banda na mizani. Tukimlalamikia anatutajia Babu wa Loliondo, yule mchungaji aliyegawa kikombe cha dawa, kwamba hata wakubwa walikwenda kwake Samunge mwaka 2011. Kweli walikwenda. Ila Babu huyo, marehemu Masapila, alikuwa anachukua shilingi 500 kwa kikombe, hakumwambia mtu auze nyumba.

Safari moja nilimsindikiza. Kilingeni kwa mganga kuna mabenchi ya kusubiria, na juu ya mabenchi kuna watu wanaojifanya wagonjwa kama nyinyi. Mama mmoja alinipa pole, akaniuliza marehemu alikuwa mtu wa wapi, aliugua nini, ameacha watoto wangapi. Nikamjibu kidogo. Tulipoingia ndani yale niliyomjibu yakatoka mdomoni kwa mganga kwa sauti ya mashetani, hata pale nilipokosea kwa makusudi jina la kijiji cha mama. Baba alikuwa hajala tangu alfajiri kwa masharti, na usiku wa jana yake hakulala. Chumba giza, moshi wa ubani unawasha macho. Akaletwa mwanamke amefunikwa kaniki gubigubi, tukaambiwa tusimguse, akiguswa anapotea moja kwa moja. Kuongea haongei, si ulimi umekatwa.

Mama alikuwa na kovu la mafuta ya vitumbua juu ya mguu wa kulia, kubwa, tangu mimi mdogo. Yule mwanamke miguu yake ilikuwa misafi. Njiani nilimwambia baba. Unajua alinijibu nini? "Wamembadilisha, ndiyo maana napigana." Kwa hiyo dada, hizo video mnazomtumia mzee za waganga waliofumaniwa, acheni. Kila ushahidi mtakaompelekea ataugeuza uwe sababu ya kwenda tena.

Lakini usiku ule nilisikia kitu kingine, nacho ndicho kilichotusaidia. Baba hakumuuliza yule mwanamke yuko wapi wala nani kamchukua. Alipiga magoti akamuuliza: "Mama Fulani, umenisamehe cherehani?" Mwanamke akatikisa kichwa kukubali. Mganga naye, mjanja, akadakia kwamba msamaha wa kichwa hautoshi, lazima atamke kwa mdomo, na ulimi kurudishwa kuna kafara yake. Kafara hiyo ikawa nyumba.

Cherehani gani? Nilimpelekea shangazi swali hilo, akaguna, akasema hiyo ni ya mahari. Siku ya ndoa yao mahari yalitajwa fedha na cherehani. Fedha ilitolewa, cherehani ikawa "nitaleta". Watoto tukazaliwa, mashine ya kusaga ikanunuliwa, cherehani ikabaki kuwa utani wa mama wageni wakija. Alicheka nayo maisha yake yote. Baba ndiye aliyekuwa hacheki, ila sisi hatukuwahi kuangalia.

Shangazi hakumgombeza. Alimleta shehe wa msikiti wa mtaani, mzee mwenyewe wa kuswali safu moja na baba, wakakaa barazani wakazungumza mahindi kwanza. Kisha shehe akamweleza: mahari ambayo hayakulipwa ni deni, na mke akifa deni halifi, linaingia kwenye mirathi yake. Wa kulipwa sasa ni warithi wake. Mama yake mzazi, bibi yetu wa Mkuranga, ana sudusi, yaani moja ya sita. Mume, kwa kuwa kuna watoto, ana robo. Kinachobaki ni cha watoto. "Kwa hiyo unaweza kulipa," akamwambia, "na hata wewe mwenyewe una fungu humo." Baba alinyamaza, kisha akasema robo yake haitaki, thamani yote itoke. Siku nyingi nilikuwa sijamwona akibisha jambo kwa nguvu kiasi kile.

Fedha hakuwa nayo, mota umekwenda. Akaenda kuajiriwa kwenye mashine ya mwenzake, anapima unga wa wengine, anaweka akiba kidogo kidogo kwa shangazi. Alipoinunua cherehani tulikwenda naye Mkuranga. Bibi akaiwekea mkono juu, akasema fungu lake amelisamehe, ile mashine apewe dada yetu mdogo. Anaitumia kushona mpaka sasa. Kilingeni baba hakurudi tena, ingawa ukimuuliza leo hatakwambia kuwa alitapeliwa, atakwambia "yule mtu alikuwa na mambo yake". Wali bandani aliendelea kupeleka kwa muda, sisi tukamwacha, nazi haifilisi mtu.

Ndiyo maana nakwambia, kabla ya mahakama na kabla ya polisi, tafuteni mzee wenu anataka kumwambia nini mama. Asiulizwe na nyinyi watoto, baba hajibu watoto hayo. Aulizwe na dada yake, au rafiki yake wa siku zote, mtu anayeweza kukaa naye hadi usiku bila kumkatisha. Hukusema nyinyi ni dini gani. Kama ni Wakristo mchungaji au padri afanye kazi hiyo, lakini asianze na Sauli na yule mwanamke wa Endori aliyempandishia Samweli kutoka kwa wafu, kwa sababu hapo mzee atajiona anashtakiwa na hatasema tena. Inawezekana kuna deni. Inawezekana walilala wamenuniana siku ya mwisho. Inawezekana, kama baba yangu, hakumwona. Kila moja lina namna yake ya kushughulikiwa hapahapa duniani.

Kuhusu kumsikia mama akikohoa, usiharakishe kumwita mwendawazimu. Daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, aliwahoji wajane na wagane 293 na kuchapisha matokeo mwaka 1971. Karibu nusu yao walisema wamewahi kumhisi, kumwona au kumsikia mwenzao aliyekufa, na wengi hawakuwa wamemwambia mtu. Ni jambo la kawaida la msiba. Kinachonitisha kwa mzee wenu ni kingine, kama hali chakula, usiku halali, haendi kazini na mwaka umepita. Hapo apelekwe hospitali, Muhimbili kuna kitengo cha afya ya akili. Mwambieni anakwenda kupimwa presha na usingizi, na kweli vyote viwili vinafaa vipimwe.

Nyumba. Kama mama alichangia kuijenga, au jina lake lipo kwenye karatasi za kiwanja, sehemu yake ni mirathi na baba peke yake hana mamlaka ya kuiuza. Chukueni cheti cha kifo RITA, ofisi inayosajili vizazi na vifo, kaeni kikao cha ukoo muandike muhtasari, mfungue mirathi mahakamani ateuliwe msimamizi. Hiyo inachukua muda, kwa hiyo kesho asubuhi nenda kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nyumba nyingi za huko hazina hati, zinauziwa ofisini kwake kwa muhuri wake. Mwambie nyumba ina mirathi na watoto wapo, na umpe kwa maandishi. Dalali akisikia neno mirathi limefika ofisi ya mtaa anapoa mwenyewe, nimeona.

Polisi kwa mganga mnaweza kwenda, Sheria ya Uchawi ipo tangu enzi za Mwingereza, na mganga wa tiba asili anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, muulizeni cheti. Sisi hatukwenda, maana baba angekuwa shahidi wa kumtetea. Ila kuna jambo ambalo lazima mlitazame. Ukisema msukule, lazima awepo mchawi aliyemchukua, na mganga atamtaja. Kwetu alimwelekezea kidole bibi mmoja jirani muuza mihogo, mjane, hana mtoto mjini. Kufika wiki ya pili vijana walikuwa wanarusha mawe juu ya bati lake usiku. Shangazi ndiye aliyekwenda kununua mihogo kwake kila jioni, mchana kweupe, watu waone, akakaa naye pale kibarazani. Chunguzeni nani ameshatajwa Chanika. Huyo naye ana haki ya kujua mapema, na mjumbe wenu ajue.

Bajaji imeshakwenda. Msiifuate, na mzee akija kula msimsimange nayo.