Jaa la vyuma la ulimwengu mwingine: tamaa iue kabla ya zimwi

Unaandaa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, na safari inawapeleka wachezaji kwenye jaa la vyuma la ulimwengu mwingine, milima ya mitambo ya vita iliyotupwa? Basi mazimwi yaweke pembeni kwanza. Hapo kinachoua ni mzigo.

Washa ile kanuni ya hiari ya uzito ya vitabu vya 2014, ambayo meza nyingi huiruka. Mhusika mwenye nguvu 10 anabeba hadi kilo 68. Akipita kilo 23 mwendo wake wa kila zamu unapungua mita 3. Akipita 45 unapungua mita 6, na kila jambo la nguvu, wepesi au ustahimilivu anarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua ndogo. Sasa mletee mnunuzi mwenye mizani na sumaku, kama wanunuzi wa skrepa wa Dar: kinachonasa ni chuma, shaba hainasi. Kwa bei za mchezo, ratili moja ya chuma ni sarafu 1 ya fedha, ya shaba ni 5, na fedha kumi ni dhahabu moja. Kilo 68 za chuma, yaani ratili 150, ni dhahabu 15 tu. Za shaba ni 75. Hutahitaji kumlazimisha mtu kujaza gunia.

Lundo nalo huporomoka pale mtu anapochomoa cha chini. Kwa hiyo shaba iweke chini, takataka juu. Kuchomoa moja kwa moja ni ugumu wa 15 (namba ambayo dadu ya pande 20 pamoja na ziada za mhusika lazima iifikie), au 20 kama hajakagua kinachoegemea wapi. Kupangua kuanzia juu ni 10, lakini kunakula dakika kumi, na kila dakika kumi unarusha dadu ya pande sita: ikitoka 1, kelele zimesikika. Madhara ya kuangukiwa na kifusi ni dadu nne za pande kumi, wastani 22. Kwa wahusika wa leveli ya chini tumia mbili, na hata hizo zinamlaza mchawi. Kabla ya yote toa dalili: vyuma vinalia, kutu inamwagika. Wakifa bila dalili watakununia, na watakuwa na haki.

Yule mdudu mla chuma wa mchezo huu (rust monster) kila mtu atamtarajia; hapa natumia kanuni zake za 2014. Ananusa chuma umbali wa mita 9. Silaha ya chuma isiyo ya kichawi inayompiga inapungukiwa 1 katika madhara kila mara, na upungufu ukifika 5 inavunjika. Deraya akiigusa, kinga yake inapungua 1 kila mara. Kosa la kawaida ni kumweka katikati ya chuma tele, ambako chakula kimemzunguka na hana sababu ya kumfukuza mtu. Mweke upande wa shaba. Hapo deraya ya mpiganaji ndiyo mlo pekee, na wakimtupia misumari michache atawaachia nafasi ya kukimbia, ilimradi gunia linawaruhusu. Mmoja anatosha. Ukiweka watatu, mpiganaji atamaliza kipindi na fulana.

Mabwawa ya tindikali yahesabu kama kifusi, dadu zilezile.

Mtu atauliza kama uchawi mdogo wa kuunga vilivyovunjika (Mending) unaweza kufufua mtambo mzima. Mruhusu, kwa masharti yake: ufa mmoja kwa dakika moja, usiozidi sentimita 30, na kipande kilichopotea hakirudi. Mtambo wenye nyufa arobaini ni dakika arobaini, yaani mara nne za ile dadu ya kelele.