Jibu: Mstari ndani ya kioo unatoka na vitundu

Salamu mkuu. Nimekuelewa hivi: unachora njia ya mwanga ndani ya kioo cha silika kwa leza ya femtosekunde (inayotoa mwanga kwa mipigo mifupi mno), ila badala ya mstari laini unapata vitundu vyeusi.

Kwanza punguza nishati ya kila mpigo. Mimi nilihangaika siku mbili na lenzi, kumbe tatizo lilikuwa hilo! Nishati ndogo hubadilisha kidogo tu jinsi kioo kinavyopinda mwanga. Ukipanda, yanajitokeza matabaka membamba mno, yamejipanga kwa nyuzi 90 dhidi ya polaraizesheni ya leza, yaani mwelekeo ambao mawimbi ya mwanga wake yanatikisika. Ukizidi hapo, mlipuko mdogo unaacha tundu.

Kujua umefika wapi, weka kipande kati ya vichujio viwili vya polaraizesheni vilivyopishana nyuzi 90, kisha kizungushe taratibu chini ya hadubini. Mstari ukiwaka na kuzima, mara nyingi ni yale matabaka.

Kama mstari karibu na uso wa kioo unatoka safi na ndani zaidi unaharibika, basi ni fokasi (pale mwanga unapokusanyika) inayorefuka kadiri unavyozama. Lenzi yako ina pete ya kurekebisha kina? Izungushe kila ukibadilisha kina.