Kwa mnaoanza kuhudumia watu wa ramani maktaba

Jamani nyie mnaoingia sasa hivi kwenye hii kazi ya ramani za kidijitali maktaba, kuna kitu kilinichukua muda mrefu kukielewa. Mtu akija akakwambia nifundishe QGIS, ile programu ya kutengeneza ramani kwenye kompyuta, usikimbilie kumfungulia. Muulize kwanza anataka ramani imjibu swali gani, na data anayo? Mara nyingi utakuta hana, au anayo lakini haifunguki.

Kuna mwanafunzi alinijia na flashi, kazi yake inatakiwa wiki hiyohiyo, ndani mna faili moja tu la .shp, yeye anajua ndo kila kitu. Sasa shepfaili, hiyo aina ya faili za ramani, unaiita moja lakini ni kundi, .shp lazima itembee na .shx na .dbf, halafu ile .prj ndo inasema vipimo viko kwenye mfumo gani wa koodineti, yaani namba za kuonyesha mahali, ikikosekana unabaki kubahatisha. Aliyemtumia alichukua moja akaziacha zingine. Tukampigia, akazipu folda nzima akatuma, ramani ikafunguka palepale na yule dada akakaa anaitazama tu bila kusema neno. Siku hizi kitu cha kwanza naomba kuona folda.

Halafu koodineti za kwenye eksel, hapa wengi wanalia. Kwenye QGIS X ni longitudo na Y ni latitudo, watu wanageuza kwa sababu tumezoea kutaja latitudo kwanza. Pointi zikirundikana baharini kwenye Ghuba ya Guinea, hiyo ni 0,0, yaani longitudo sifuri na latitudo sifuri, kaangalie zile safu kama zina sifuri.

ArcGIS, programu nyingine ya ramani ila ya kulipia, kama maktaba yenu inalipia leseni ifundisheni, ni nzuri, ila mtu akishamaliza chuo leseni ya chuo inaisha na ujuzi unabaki hauna pa kufanyia kazi. Ndo maana mimi naanza na QGIS, ni bure na anaondoka nayo kwenye laptopu yake.

Na picha za setilaiti msimpe mtu kwa sababu tu ni za bure. Picha za setilaiti za Landsat ni bure tangu 2008 lakini pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ni mita 30 ardhini, za Sentinel-2 ni mita 10 kwenye bendi zake nzuri, yaani zile rangi za mwanga zinazopigwa kwa undani zaidi, kwa msitu au mashamba makubwa zinatosha kabisa, ila anayetaka kuhesabu nyumba mojamoja mwambie mapema hazitamsaidia, mfungulie OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, mwangalie pamoja kama majengo ya eneo lake yameshachorwa.