Magitaa ya umeme yanayoiga sauti za magitaa mengine: majibu yangu kwa anayepiga harusi na kanisani hapa Dar

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: Jumapili unapiga kanisani, Ijumaa na Jumamosi uko na bendi ya harusi, jamaa yako anarudi kutoka Uingereza na anaweza kukuletea Variax iliyotumika, gitaa la umeme la kampuni ya Line 6 linaloiga sauti za magitaa mengine, na unataka kujua kama inaizidi Strat (Stratocaster ya Fender) ya kawaida na pedali zake. Waliotangulia kujibu wamegawanyika. Wengine wanasema ni toi, wengine wanasema ukiwa nayo huhitaji gitaa jingine maishani. Mimi napiga Variax ya James Tyler, toleo lenye jina la fundi magitaa huyo, kwa miaka kadhaa sasa, kwenye kumbi, kanisani na kwenye baa za wazi, na gitaa la kawaida bado ninalo. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu hela yenyewe si ya kuchezea.

Kwanza tutenganishe vitu, maana watu wanabishana huku kila mmoja akiongelea gitaa lake. Kuna magitaa kama GTRS ya Mooer, ambayo ndani ya mwili wameweka amplifaya za kuigwa na vikorombwezo kama mwangwi na distoshen, unavipanga kwa simu. Hapo umelipia pedali ambazo zingekaa chini, ila zimo ndani ya gitaa. Variax inafanya kazi nyingine. Pale kwenye daraja, chini ya kila uzi, kuna kipande kidogo cha piezo kinachohisi mtikisiko wa uzi huo peke yake. Nyuzi sita zinatoa ishara sita, kila moja inageuzwa kuwa namba, kisha prosesa iliyomo mwilini inapiga hesabu: uzi huu ungelia vipi kama pikapu (kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi) ingekuwa karibu na shingo, kama mwili ungekuwa na uwazi ndani, kama lingekuwa gitaa kavu la mbao? Unageuza kitasa, unapata jibu jingine. Roland ndio waliotangulia na VG-8 mwaka 1995, lakini ile ilikuwa mashine ya kuweka chini, na gitaa lako ulilifunga pikapu maalumu yenye waya wa pini 13. Line 6 walichofanya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni kuingiza kila kitu ndani ya gitaa lenyewe. Mwaka 2007 Fender na Roland walitoa Stratocaster ya aina hiyo, na baada ya Yamaha kuinunua Line 6 ikaja Variax Standard mwaka 2015.

Sasa sauti. Ubishi mkubwa siku zote ni kama ile sauti ya kuigwa ya Les Paul, gitaa maarufu la Gibson, inafanana na Les Paul halisi. Ukikaa chumbani na hedifoni, ukalinganisha moja baada ya nyingine, tofauti utaisikia, na mwenye Les Paul yake halisi ana haki ya kukataa. Lakini ukumbini, ngoma zikishaingia, kinanda kikajaza katikati na besi ikatikisa meza, sijawahi kukutana na fundi mitambo aliyeniuliza kwa nini Telecaster yangu ya kuigwa haina umbo la Telecaster halisi ya Fender. Sauti inakaa mahali pake. Anayepiga kwa kipato anahitaji hilo zaidi ya kushinda ubishi wa chumbani.

Kwenye gitaa kavu ndipo nguvu yake inapoonekana zaidi. Kanisani kwetu wimbo wa kuabudu unaanza na gitaa kavu peke yake chini ya maombi, halafu kwaya ikisimama wimbo unageuka sebene. Ukiwa na gitaa la umeme la kawaida unabaki na sauti nyembamba pale mwanzo, au unabeba magitaa mawili na kubadilisha mkanda begani watu wamefumba macho. Ukitumia gitaa kavu halisi karibu na spika za jukwaani, linaanza kupiga kelele la kurudi na fundi anakupunguza hadi husikiki. Kwenye Variax unageuza kitasa tu, na kwa kuwa mwili wake ni mbao nzima usio na uwazi, kelele ile ni nadra. Sauti hiyo uipeleke moja kwa moja kwenye mikisa, usiipitishe kwenye amplifaya ya gitaa. Wengi wanaosema gitaa kavu la Variax ni baya walilisikia kupitia amplifaya ya gitaa la umeme, ambayo spika yake inakata zile sauti za juu zinazofanya gitaa kavu lisikike kama gitaa kavu.

Ila kuna jambo ambalo wazungu kwenye video zao hawaligusi sana na kwetu linauma: mkono wa kulia. Katika dansi letu, toka NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 hadi Mlimani Park ya 1978 na zilizofuata, kazi ya magitaa imegawanywa kati ya solo, solo la pili na ridhimu, na kila moja lazima lisikike limejitenga na mwenzake. Ridhimu nyingi na solo la pili hupigwa kiganja kikigusa nyuzi kidogo pale darajani, ili kila noti ikatike safi. Pikapu ya sumaku inasikia uzi wa chuma tu. Piezo inasikia na daraja lenyewe: kiganja kikitua, kidole kikigonga, vyote vinaingia. Kwenye matoleo ya mwanzo utasikia "tok" ya mbao chini ya kila noti iliyozibwa, na ukipiga kwa nguvu inazidi noti yenyewe. Toleo la James Tyler limetulia sana kuliko hayo, lakini "tok" hiyo haijaisha kabisa. Mimi nikipiga ridhimu ya kuziba narudi kwenye pikapu za sumaku, ambazo James Tyler na Standard zinazo. Variax za mwanzo, kama 300, 500, 600 na 700, hazina pikapu za sumaku kabisa. Juu ya mwili huoni kitu chochote chini ya nyuzi. Kama jamaa yako anakuletea mojawapo ya hizo na wewe ni mtu wa ridhimu ya dansi, mimi ningesita.

Faida nyingine, na kwa Dar naiweka juu kuliko idadi ya magitaa yanayoigwa, ni utulivu. Kumbi zetu nyingi soketi hazina waya wa ardhi unaofanya kazi, taa za rangi zimefungwa kwenye laini moja na muziki, na umeme ukikatika jenereta inawashwa katikati ya wimbo. Strat yenye pikapu za koili moja inavuma hapo hadi MC anageuka kukuangalia. Ile sauti ya Strat inayoigwa haina mvumo huo, kwa sababu piezo haina koili ya kunasa mawimbi ya taa na transfoma. Unaweza kuacha sauti wazi kati ya beti na kukawa kimya. Mvumo wa amplifaya au mikisa isiyo na ardhi hautaondoka, huo si kazi ya gitaa, lakini ule wa pikapu ndio unaosumbua wengi.

Halafu tyuni. Hapa ndipo nilipoamua kulibakiza gitaa hili. Kwa sababu kila uzi una ishara yake, prosesa inaweza kuupandisha au kuushusha bila wewe kugusa funguo za kichwani. Kuna kitasa cha tyuni: nusu toni chini, toni nzima chini, uzi wa sita kwenye D, DADGAD, G wazi na nyinginezo. Mwimbaji wa harusi amelala vibaya, sauti haifiki, anakunong'oneza mshuke nusu: unageuza, unaendelea na vidole vilevile. Mpiga kinanda ana kitufe cha transpozi siku zote, sasa na wewe unacho.

Kwa wapenzi wa rumba kuna la ziada. Wapigaji wa Kongo wana ule utaratibu wa mi-composé, uzi wa nne wa D unatolewa na kuwekwa mwembamba unaolia oktavu moja juu, na gitaa linapata ule mng'ao wa kengele kwenye solo la pili. Kwa programu ya Workbench, unayounganisha gitaa na kompyuta, nilijipangia tyuni ambayo uzi wa nne pekee unapanda oktavu. Inafanya kazi. Noti moja moja inang'aa vizuri, ila ukiacha kodi (noti kadhaa zikipigwa pamoja) ndefu ilie mpaka mwisho utasikia uzi ule unatetemeka kidogo, kama maji yanapita juu yake. Kadiri unavyousogeza uzi mbali na tyuni yake halisi ndivyo mtetemo huo unavyoongezeka, kwa hiyo kwa nusu toni au toni nzima huwezi kuutambua, na kwa oktavu utautambua. Kwa rekodi ya studio ningefunga uzi mwembamba halisi. Kwa ukumbi, tyuni hiyo naitumia karibu kila wiki.

Na uzoee jambo moja: nyuzi zenyewe mkononi zinalia tyuni ya kawaida. Ukifanya mazoezi chumbani sauti ikiwa ndogo, sikio linapata F kutoka kwenye mbao na E kutoka kwenye spika kwa wakati mmoja, inavuruga kweli. Ongeza sauti au vaa hedifoni.

Sasa kinachonifanya nisiwaambie wote wanunue: hiki ni kifaa cha elektroniki chenye umbo la gitaa, na kinaishi Dar. Joto, unyevu, upepo wa chumvi kwa sisi tunaopiga hoteli za ufukweni. Gitaa la kawaida likipata kutu kwenye jeki, fundi yeyote wa redio anachomea upya na jioni unapiga. Bodi ya Variax ikifa, fundi ataangalia tu. Kifaa kizima utaagiza nje, na kwa matoleo ya zamani kupatikana kwenyewe ni bahati. Ninalilaza langu kwenye kesi ngumu yenye vile vifuko vya kunyonya unyevu, nafuta daraja kila baada ya shoo, na nyuzi nabadilisha mapema, kwa sababu uzi wenye kutu unaharibu hesabu yote ya prosesa. Tyuni ya oktavu pale freti ya 12 nayo iwe sawa, vinginevyo sauti zote za kuigwa zitakuwa na kasoro hiyo hiyo.

Betri: James Tyler na Standard zina betri yake maalumu ya lithiamu ya kuchaji, inayokaa hadi saa 12, na ikiisha pikapu za sumaku zinaendelea kulia bila umeme wowote. Hizo za mwanzo zinatumia betri za kawaida ndogo sita, au unazilisha umeme kwa waya wa stereo kupitia kisanduku chake. Umeme ukiisha, gitaa linakuwa kimya kabisa. Kwa mji wetu hiyo ni tofauti kubwa. Mwambie jamaa kama kuna betri ya akiba ya lithiamu aibebe kwenye begi la mkononi, kwenye mzigo unaopakiwa chini ya ndege hairuhusiwi.

Kuna wanaosema mbona hata Gibson walishindwa, wakitaja Firebird X, ile ya dola zaidi ya 5,000 yenye vikorombwezo ndani na mota za kujityuni, ambayo 2019 video ilionyesha mamia yakipondwa na mtambo. Ni kweli wapigaji wengi waliikataa. Ila lile lilikuwa gitaa la bei ya mkusanyaji, lililolazimisha mpigaji kubadili kila kitu kwa mara moja. Wewe unanunua kifaa cha kazi kilichotumika, hesabu zako ni tofauti.

Msimamo wangu kwako: kama ni James Tyler au Standard, nzima, chukua, na Strat yako usiiuze. Kama ni ya kizazi cha kwanza, ichukue tu kama bei ni ndogo kiasi kwamba ikifa baada ya mwaka hutaumia. Na kama ungekuwa unapiga bendi moja, sauti moja, ningekuambia weka hela kwenye amplifaya nzuri.

Kabla hajalipa, jamaa apige uzi mmoja mmoja kwenye sauti ya gitaa kavu na asikilize kama kuna unaolia chini kuliko wenzake. Piezo inayokufa huanza hivyo. Ageuze kila kitasa taratibu asikilize mikwaruzo. Aulize kama chaja na betri ni za asili, na kama kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta kipo, maana bila hicho Workbench huipati kirahisi. Lile tundu linalofanana na la waya wa intaneti ni la mashine za Line 6 kama Helix, asije akalichomeka kwenye ruta kujaribu. Akituma picha ya daraja na ya nyuma penye betri, ziweke hapa nikutajie ni toleo gani.