Onyo la cheti kwenye ruta: lisome kabla ya kubonyeza "endelea"

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia, na ujumbe wake ukanitonesha kidonda. Amenunua ruta mpya, akaandika 192.168.1.1, anwani ya ruta yenyewe, kwenye kivinjari ili abadilishe nywila, mara akakutana na onyo: muunganisho wako si wa faragha, NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID. "Kaka, nimeshadukuliwa?" Fundi alikuwa amemwambia abonyeze tu "endelea", ruta zote ziko hivyo.

Maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikatii. Kwa karibu miaka mitatu, kila nilipoingia kwenye ruta nilibonyeza "endelea" bila kusoma hata neno moja. Vidole vikazoea. Siku moja nikiwa safarini, kwenye Wi-Fi ya nyumba ya wageni, nikafungua barua pepe ya kazini. Onyo likatokea, sura ileile. Vidole vikafanya vilivyozoezwa. Nikaandika nywila, barua zikafunguka kama kawaida, nikajibu mbili tatu, nikalala. Siku ya nne mteja wangu wa muda mrefu akapiga simu kuuliza mbona nimebadilisha akaunti ya malipo. Sikuwa nimebadilisha chochote. Mtu aliyejiweka katikati kwenye Wi-Fi ile alikuwa amenasa nywila yangu; sasa alikuwa ndani ya barua zangu, anaandika kwa jina langu, mpaka salamu ninazoanzia barua alikuwa amezinakili. Pesa alizotuma mteja hazikupatikana tena, na yeye hakunipa kazi nyingine. Namba yake bado ninayo. Sijathubutu kuipiga.

Ndiyo maana nikisikia "bonyeza tu" damu inanichemka.

Cheti ni kitambulisho cha kidijitali cha tovuti, na kivinjari kina orodha ya mamlaka za vyeti kinazoziamini. Tovuti ya kawaida huonyesha cheti ambacho mojawapo ya mamlaka hizo imekitia saini. Ruta yako haiwezi kupata cheti hicho kwa anwani ya 192.168, kwa sababu anwani hizo zimetengwa kwa mitandao ya ndani, na ileile unayoitumia wewe inatumika katika nyumba zisizohesabika muda huuhuu. Hakuna mamlaka inayoweza kuthibitisha kuwa ni yako. Basi ruta hujitilia saini yenyewe, kama mtu anayejiandikia barua ya utambulisho. Huenda anasema kweli, lakini kivinjari hakina wa kumuuliza. Wewe uliyeishika ruta mkononi ndiye unayeweza kuthibitisha.

Uthibitishe hivi. Chomoa laini ya intaneti kwenye ruta, zima Wi-Fi ya kompyuta, unganisha kompyuta na ruta kwa waya mmoja. Hapo katikati yenu hamna mtu. Fungua ukurasa wa ruta, onyo litokee, gusa alama ya "si salama" kando ya anwani, ufungue cheti chenyewe. Tafuta alama ya kidole ya SHA-256 (fingerprint), yaani namba ya kutambulisha cheti hicho: jozi 32 za tarakimu na herufi. Ziandike zote. Mimi nimeziandika kwenye kikaratasi nilichokibandika kwa gundi chini ya ruta. Kuanzia hapo, kila onyo likirudi, linganisha kwanza. Zikilingana, endelea. Zisipolingana na wewe hukuirejesha ruta katika hali ya kiwandani wala kusasisha programu yake, usiandike nywila. Rudi kwenye waya uanze upya.

Chrome husahau ruhusa uliyoitoa baada ya muda, kwa hiyo onyo kurudi peke yake si dalili ya wizi. Wengine hukasirika wakaamua kuingia kwa http, bila ile "s" ya https inayofanya mawasiliano yafichwe, ili onyo lisionekane. Nakusihi usifanye hivyo. Onyo limeondoka, ndiyo, lakini nywila yako sasa inapita wazi kwenye mtandao wa nyumbani, na kifaa chochote humo chenye programu mbaya kinaweza kuisoma.

Na zoezi hili ni la ruta yako peke yake. Benki, barua pepe, duka la mtandaoni: onyo likitokea huko, funga ukurasa, ondoka kwenye mtandao huo, jaribu kwa data ya simu. Hakuna barua isiyoweza kungoja saa moja. Mimi sikungoja hata dakika moja, na gharama yake nimeshakueleza. Linganisha kwanza, ndugu yangu. Kila mara.

Yule msomaji alifanya zoezi jana. Aliziandika jozi kupitia waya, kisha akarudi kwa Wi-Fi. Mkewe akawa anasoma kwa sauti kwenye karatasi, naye anazifuata kwenye skrini. Zote 32 zimelingana. Nilipomuuliza kama ameshabadilisha nywila iliyokuja na ruta, akakiri kuwa bado ni neno "admin". Nimemwambia asilale kabla ya kuibadilisha.